Papa wa filme hakubeba matela

Marafiki, leo filme ya dinozore nusu inikoseshe muchumba.

Nilikuwa kwao muchumba wangu Furaha, mutaa wa Himbi, naonyesha mama yake akili. Kwenye tele volkano inalipuka, dinozore wanakimbia, mimi naeleza siansi yote, meno mpaka mukia. Munanijua.

Mama anaonyesha mwanaume mumoja wa filme, anauliza: «Huyu papa anayekimbia, matela yake ya kulalia iko wapi?»

Nikacheka. Peke yangu.

«Usicheke. Volkano ikilipuka, Goma nzima tunabeba matela kichwani. Huyu mikono mitupu? Alijua mapema. Ni yeye mubaya.»

Mwisho wa filme, kweli! Ni yeye aliyeiba mayai ya dinozore.

Ndipo mama akanigeukia, macho madogo: «Na wewe, siku ile volkano yetu ililipuka, ulibeba nini?»



Furaha akajibu kabla yangu: «Mama, nilimuona kwenye njia ya Sake, watu wote tukikimbia. Alibeba bafle yake ya muziki, ile spika kubwa.»

Mama akazima tele.

«Kwa hiyo binti yangu atalala juu ya bafle?»

Na nyinyi mulibeba nini? Semeni hapa chini, munitetee.

Kesho natoka kwangu Katindo kwa miguu, matela ya mupya kichwani, mpaka mulangoni kwa mama. Mukiniona, tafadhali musikimbie. Volkano haijalipuka.