Mkunjo wa Bi Pasi

Ukitaka kumjua Bi Pasi, mtazame anavyokunja shuka. Mara tatu, pindo zote ndani, halafu ncha ya kulia anaichomeka chini ya ile ya kushoto, shuka linajifunga lenyewe kama bahasha. Ukilirusha halifunguki. Miaka kumi na tisa kasimama kwenye meza ya pasi, chumba cha kufulia nguo za hospitali, mpaka jina alilopewa na wazazi limesahaulika. Hata manesi wakipiga simu huuliza, "Bi Pasi yupo?"

Mkunjo ule wengi walijaribu ukawashinda, vidole kama magunzi. Aliyeuweza ni mmoja tu, msichana aliyeingia kazini hajui shuka lina juu na chini. Bi Pasi akamfundisha, akamfichia kila alipochelewa, na alipojifungua akaenda kumfulia nepi. Msichana akapanda, akapanda, leo ndiye msimamizi, ana ofisi yenye feni. Lakini bado alimwita Bi Pasi "dada" mbele za watu, na Bi Pasi kichwa kilimvimba, msimwone vile.

Sasa juu ya meza ya pasi pana bomba la mvuke, bovu, limefungwa matambara kama mguu wa mgonjwa. Mwezi mmoja kabla ya haya, bomba likamtemea mvuke binti wa meza ya pili, mkono ukababuka kuanzia kiwiko hadi kiganja. Bi Pasi alikuwa ameshamwambia msimamizi mara tatu. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Nimeshapeleka, dada. Linashughulikiwa."

Ndipo zikaja fomu za maoni ya wafanyakazi kutoka makao makuu. Msimamizi akazigawa mwenyewe, kwapani kabana sanduku la bati lenye kufuli.

"Jina msiandike. Hakuna atakayejua nani kasema nini. Ufunguo uko makao makuu, mimi mwenyewe siwezi kulifungua hata nikitaka."

"Hata ukitaka sana?" akauliza dereva wa gari la nguo. Watu wakacheka.

"Hata nikililia!"

Bi Pasi si mjinga. Fomu aliibeba hadi nyumbani. Akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwakubwa, zikatoka zimeegemeana kama walevi. Palipoulizwa miaka ya kazi akaparuka. Akaandika kwamba bomba linavuja tangu mwaka jana, limeshaunguza mtu, na msimamizi anajua.

Binti yake akachungulia. "Mama, unaandika barua ya vitisho?"

"Naandika ukweli. Nao siku hizi hutembea umejifunika."

Asubuhi akaitumbukiza sandukuni, akaenda kwenye pasi yake roho kwatu.

Siku ya tatu akaliona jina lake kwenye ubao wa zamu, limehamishiwa chumba cha nguo chafu. Huko ndiko mashuka yanakoingilia na kila kilichomtoka mgonjwa. Meza yake ya miaka kumi na tisa kapewa mtu wa miezi minne.

Mlango wa ofisi hakuugonga.

"Mdogo wangu, nimekosa nini?"

Msimamizi akaweka kiganja haraka juu ya karatasi iliyokuwa mezani. Kiganja kidogo, karatasi kubwa. Herufi za walevi zilijitokeza pande zote. Lakini Bi Pasi hakutazama herufi. Alitazama mistari miwili iliyoigawa karatasi sehemu tatu, na pale pembeni, alama ndogo ya ncha iliyochomekwa.

Alivyohangaika kuuficha mwandiko! Kumbe alipomaliza mikono ikakunja yenyewe, kama ilivyozoea, wala hakuiona ikikunja.

"Ufunguo si uko makao makuu?"

"Dada, kaa kwanza."

"Nimesimama miaka kumi na tisa, sitaanza kukaa leo."

Msimamizi akashusha sauti. "Wote wamekunja mara mbili tu. Humu ndani tunaokunja hivi ni wawili, na mimi sikuandika. Dada, nilishapeleka ripoti kuwa bomba limetengenezwa. Hii ingefika ingenimaliza."

"Na mkono wa yule binti?"

"Si umepona?"

"Umepona," Bi Pasi akarudia, taratibu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Bi Pasi kashinda kwenye nguo maisha yake yote, na mdudu hakumwona. Ah, alimwona! Alimfulia na nepi.

Msimamizi akavuta droo, akatoa fomu mpya na kalamu. "Kesho mama wa makao makuu anakuja kuchukua sanduku. Jaza hii, sema mambo ni mazuri. Ile tunaichoma, na Jumatatu unarudi mezani kwako. Mimi na wewe tumetoka mbali, dada."

Bi Pasi akaipokea fomu. Kalamu akaiacha inaning'inia mkononi mwa mwenzake. Akailaza fomu tupu mezani, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha shuka la wodi ya wazazi. Akaikunja mara tatu, polepole, pindo ndani, akachomeka ncha. Akaisukuma mbele.

"Lakini hujaandika kitu, dada."

"Kwani wewe husoma maandishi? Soma mkunjo."

Mpaka leo yuko chumba cha nguo chafu, glovu hadi viwikoni. Ng'ambo ya ukuta anasikia bomba likipiga mluzi, na kila likipiga anasimama kidogo, asikie kama kuna mtu atapiga kelele.

Nyumbani, binti yake amemwona akikunja shuka ovyo, mara mbili, pindo nje.

"Mama, na ule mkunjo wako?"

"Nimemwachia mwanafunzi wangu," akasema, akalitupa shuka kabatini. Likafunguka.