Mama Aliyelala Chini ya Mawe

Wiki iliyopita nilimwona Mama wa Mvua akifa, nami nilishtuka kweli, kwa sababu miaka yote hii nilijua yuko hai.

Nilikuwa nimejilaza mchana, simu nimeiegemeza kwenye mto. Kuna mtu ameiweka mtandaoni ile sinema yetu ya vipindi, na safari hii watu wake wanazungumza Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaifungua huku natabasamu. Labda nawe una sinema yako ya namna hiyo, uliyoitazama ukiwa mtoto mpaka ukaanza kuwaota watu wake. Nikafika pale mlimani. Mshale ukampata mama, akaanguka, mwanawe akamshika kichwa, na sauti ikasema wazi kwamba amekufa. Watu wakamfunika kwa mawe. Nikarudisha nyuma nikasikiliza tena. Amekufa.

Nikazima simu, nikakaa. Sisi watoto kule Masii, Ukambani, tulibishana kiangazi kizima kuhusu mahali alipojificha mama huyo.

Hebu nikueleze ilivyokuwa. Kwetu hapakuwa na televisheni. Iliyokuwa karibu ilikuwa kwa Jirani, mama Mwislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani, na ambaye aliuza mahamri sokoni. Sebule yake ilinukia iliki na mafuta ya moto hata siku ambazo hakupika. Binti yake tulimwita Dada. Alikuwa amemaliza sekondari, anamsaidia mama yake kukanda unga, na siku za soko alipeleka flashi katika duka moja akawekewa vipindi vipya. Vilikuja vichache vichache. Jumamosi, tukishamaliza kazi za nyumbani, tulinawa miguu nje, tukaingia tukakaa sakafuni.

Sinema ilikuwa ya nchi ya mbali, lugha yake hakuna aliyeijua, na chini ya kioo yalipita maandishi ya Kiingereza. Mimi nilisoma polepole, na hata leo ni hivyo. Nilikuwa nikilikamata neno la kwanza, mengine yote yananikimbia. Wenzangu hawakunizidi sana. Kwa hiyo Dada alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni akatusomea kwa Kiswahili. Mfalme alimpa sauti nzito, askari aliwapa sauti za puani, na watoto wa kule kwenye sinema wakaongea kama sisi kabisa.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mfalme mmoja alikamata mvua yote ya dunia, akaifungia ndani ya vyungu vikubwa vya udongo, akavipanga pangoni. Aliyejua wimbo wa kuvifungua ni Mama wa Mvua peke yake, naye alikuwa akitoroka milimani na mwanawe. Kulikuwa pia na ndege mwenye mabawa ya chuma, na askari waliotembea bila kuacha nyayo. Unaweza kufikiri jinsi hadithi ya mvua iliyofungiwa inavyowaingia watoto wa Ukambani mwezi wa Septemba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa ubaya wa mfalme yule.

Mabishano yetu yalikuwa mtoni. Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unashuka ndani, unangoja maji yajikusanye miguuni pako, kisha unachota kwa kikombe hadi mtungi ujae. Mtungi mmoja unaweza kula nusu ya asubuhi. Basi tulikuwa na sheria ambayo sijui nani aliianzisha: aliye shimoni ndiye mwenye neno. Walio juu wanangoja zamu ya maji na zamu ya kusema. Hata mimi, niliyekuwa naona haya kuitika darasani, nilisema nikiwa mle chini, kwa sababu humo huwaoni watu, unaona mchanga.

Wengine walisema vyungu vivunjwe tu kwa mawe, wimbo wa nini. Sisi wa upande wa chini, wenye mashamba bondeni, tukakataa. Mvua ya miaka mingi ikimwagika mara moja itabeba matuta, mahindi na mbuzi, na matuta tuliwahi kuyaona yakibebwa na mvua ya siku moja. Hata susu, yaani nyanya yangu, aliingia kwenye mabishano, ingawa hakuwahi kuitazama sinema. Nilimsimulia akitwanga mahindi ya muthokoi. Akasimamisha mchi akaniuliza, "Na ng'ombe za huyo mfalme zinakunywa nini?" Kama mvua yote iko kwa vyungu, akasema, basi hapo kwake kuna mtu anafungua kidogo kidogo. Niliposhuka shimoni na neno hilo, walio juu wote wakainama kusikiliza. Tulimtafuta huyo mfunguaji wa siri kwa majuma.

Sasa nikwambie habari za Mtoto wa Fundi. Baba yake alitengeneza baiskeli sokoni. Mama yake alifariki mwaka ule wakati wa kupalilia, akazikwa kwenye shamba lao, kama ilivyo desturi. Mtoto hakulia. Aliacha kusema tu. Darasani aliweka kichwa kwenye dawati, na mwalimu wetu, aliyekuwa mkali, alipita kando yake bila kumgusa. Nyumbani alikataa kukanyaga upande ule wa shamba. Akitumwa kuwachukua mbuzi wa upande ule, alizungukia barabarani. Baba yake alimwambia Jirani kwamba hajui afanye nini na mtoto ambaye hasemi mama yake amekwenda wapi wala hataki kuambiwa. Mahali pekee alipokuja mwenyewe ni kwenye sebule ile. Alikaa mlangoni juu ya gunia, magoti kidevuni, macho kwa Dada.

Ndipo ikafika Jumamosi ya mshale. Mama akaanguka, mwanawe akamshika kichwa, maandishi yakapita. Dada hakusoma. Yakapita mengine, naye kimya. Jirani aliyekuwa akikanda unga akasimama na mikono yake myeupe. Nilidhani hata yeye maandishi yamemkimbia. Kisha Dada akasema, polepole, "Anamwambia mwanawe, mimi nalala. Nifunikeni kwa mawe, watu wa mfalme wakipita wadhani nimekufa. Na wewe lia sana, maana wanatuangalia."

"Kwa hivyo hajakufa?" Mtoto wa Fundi aliuliza. Hilo lilikuwa neno la kwanza nililomsikia akisema tangu mazishi.

"Hajakufa," Dada akajibu. "Amelala."

Jirani alikuwa mama asiyependa uongo hata wa mzaha. Alimtazama binti yake kitambo, kisha akarudi kwenye unga wake. Siku hiyo Mtoto wa Fundi alipewa hamri la kwanza kutoka kwenye mafuta.

Mtoni kukawaka moto. Mtu amelala chini ya mawe mazito namna ile, anapumua aje? Anakula nini? Wengine wakasema ndege wa chuma anamletea chakula kupitia ufa. Wengine wakasema ndege ni wa mfalme, ataleta sumu. Zamu ya Mtoto wa Fundi ikafika. Akashuka, akachota vikombe kadhaa.

"Mawe hayashikani kama simiti," sauti ikatoka chini. "Na hapo walipomweka palikuwa mto. Mto ukikauka juu, chini unaendelea. Atatoka kwa njia ya huko chini."

Tulitazama maji yakijikusanya kuzunguka vifundo vya miguu yake, yakitoka kwenye mchanga uliokuwa mkavu kabisa juu.

Tangu siku hiyo alikuwa mkuu wetu. Alichora mchangani njia za chini ya mlima, mahali mama alipolala jana na atakapofika kesho. Darasani kichwa kiliinuka kwenye dawati. Alibishana nasi, akatutukana vizuri, akatuita ng'ombe za mfalme. Nilipenda sana alivyofikiri. Aliweza kuchukua jambo dogo, kama jiwe moja lililokaa vibaya kwenye picha, akalijengea safari nzima.

Halafu akaja binamu yake Dada, kijana wa sekondari kutoka Athi River, likizoni. Alitazama kipindi kimoja nasi, akiwa ameegemea ukuta, viatu vyake vyeupe kuliko vyombo vya Jirani. Siku iliyofuata alitukuta mtoni. Akasikiliza kidogo, akacheka.

"Niaje, nyinyi mnabishania nini? Huyo mathe alidedi kitambo. Iko hapo chini ya skrini, imeandikwa. Kwani hamsomi?"

Aliyekuwa shimoni ni Mtoto wa Fundi. Tuliona utosi wake tu. Kikombe kiliendelea kukwangua mchanga, kikaacha. Nikajua tukimpoteza sasa hatarudi tena.

"Imeandikwa na nani?" akauliza.

"Na wenye sinema, buda."

"Nao walijulia wapi? Waliona mawe, kama askari." Kikombe kikaanza tena. "Mfalme anataka watu wajue amekufa. Basi hata maneno ataandikisha."

Binamu akafungua mdomo kujibu. Mtoto mmoja mdogo, kamasi puani, akamwambia angoje kwanza, yeye hayuko shimoni. Tukacheka wote, na kicheko kile kilikuwa cha woga zaidi kuliko furaha. Sikumwona Dada alipofika. Alisimama nyuma ya binamu yake, akamwekea mtungi mkononi, akamwambia, "Shika hii twende." Walipanda kilima pamoja. Nilimwona Dada akimsemesha kwa sauti ya chini njia yote, na yule kijana akigeuka mara kwa mara kutazama lile shimo.

Jumamosi iliyofuata Dada alikuwa na mikono kwenye unga, binamu akaketi kwenye kigoda akasoma yeye. Alisoma kwa maneno yake ya mjini. Akatuambia mathe yuko poa, anasonga mdogo mdogo huko chini, amebakisha kona moja tu. Dada aliinama juu ya unga wake mabega yakitikisika.

Kipindi cha mwisho kilipofika, hata susu alinikumbusha nisichelewe. Kijana wa kwenye sinema aliingia pangoni akaimba wimbo alioachiwa na mama yake, na vyungu vikafunguka kimoja kimoja, taratibu, bila kubeba matuta ya mtu. Mvua ikanyesha juu ya nchi ile yote. Katikati ya mvua ikasikika sauti ya mwanamke akiimba, na mwenyewe haonekani. Chini hapakuwa na maandishi hata herufi moja.

"Ndiye," Dada akasema. "Anaimba akiwa huko chini."

Majina ya waigizaji yakapita. Mtoto wa Fundi akauliza, "Atatoka lini?"

Dada angeweza kumwambia lolote, na sote tungeliamini. Alifuta mikono kwa leso yake. "Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Hawakutengeneza nyingine."

Alifikiri sana yule mtoto.

"Basi ameamua kukaa huko," akasema.

"Ameamua, mwanangu," Jirani akamjibu.

Akavaa ndala zake akaenda. Majuma machache baadaye mvua yetu wenyewe ilianza, na nikipita kwenda shuleni nilimwona kwenye ule upande wa shamba aliokuwa akiukwepa. Alikuwa na jembe dogo, anang'oa magugu kuzunguka kaburi, huku baba yake amesimama mbali kidogo na baiskeli ya mtu, hajui aje au akae. Mtoto akamwita. Baba akailaza baiskeli chini, akaenda.

Baada ya kuzima simu wiki iliyopita nilimpigia Dada. Anashona nguo kiwandani Athi River siku hizi. Mimi si mtu wa kupiga simu, nilijikwaakwaa mpaka akanisaidia. Nilimuuliza kama wakati ule alijua mama amekufa.

"Wewe, maneno yalikuwa yanapita mbio," akasema akicheka. "Nilikuwa nashika yale naweza." Nyuma yake nilisikia vyerehani. Kisha akasema, "Na ungefanya aje, na amekaa pale mlangoni anakuangalia mdomo?"

Mtoto wa Fundi yuko Kinanie, ana mke na mtoto mchanga, na sina haja ya kumpelekea sinema yoyote.

Sebule ya Jirani sasa ni duka la vifuniko vya simu. Maji tunachota bombani, mtungi unajaa hujamaliza salamu, na kila mtu anashika njia yake. Vipindi vyote huja siku moja, na kabla hujafungua cha kwanza kuna watu wamekwisha kuandika hapo chini ni nani atakufa na katika kipindi gani. Si vibaya. Migongo yetu imepumzika, na picha ni safi, hata matone ya mvua unayaona. Lakini niliposikia ile sauti ya simu ikitamka kwamba mama amekufa, kwa Kiswahili kizuri kisicho na kosa, nilitambua kwamba haikuwa inamwambia mtu yeyote. Haikujua ni nani amekaa mlangoni.