Raba Nyeupe Chini ya Leso

Mjukuu wangu, iko Jumamosi moja ambayo kila ikinijia akilini nacheka kwanza, halafu naona haya, halafu nacheka tena. Keti hapo. Weka simu chini, haitakimbia. Nilikuwa kidato cha nne kama wewe sasa, na siku hiyo wageni walikuwa wanakuja kwetu kuleta mahari ya dada yangu Njoki.

Wakati huo hatukuwa tumehamia huku Komarock. Tulikaa katika zile nyumba za zamani, mwendo mfupi kutoka Pumwani, zinazotazamana na ua mmoja katikati. Ukikaanga kitunguu, jirani alijua unapika nini. Uwanja wa voliboli ulikuwa ng'ambo ya barabara tu. Usinione hivi na magoti ya kupakwa dawa ya kuchua kila jioni. Nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa darasa letu, na nikiruka pale wavuni watu walinyamaza. Ungeniuliza nataka kuwa nani, ningekujibu bila kupepesa jicho kwamba nitachezea timu ya kampuni. Kampuni zilikuwa zikiajiri wasichana wa voliboli siku hizo. Asubuhi uko kazini, jioni uko mazoezini.

Baba hakutaka kusikia habari hizo. "Mpira hauliwi," alikuwa akisema, huku akinisogezea kitabu cha hesabu. Na kweli hesabu zilikuwa zinanitoa jasho kuliko huo mpira.

Sasa sikiliza jinsi nilivyojifunga kamba mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alitutangazia masomo ya ziada Jumamosi asubuhi. Nikasema nitakuja. Mwalimu wa michezo akasema fainali ni Jumamosi hiyohiyo mchana, na kocha wa kampuni fulani atakuja kutazama nani anafaa. Nikasema niko. Njoki naye akaniomba niwe mmoja wa wasichana watakaofunikwa leso. Nikamwambia, dada, hata huna haja ya kuuliza.

Mambo ya leso unayajua, uliyaona kwa shangazi yako. Bibi harusi huchanganywa na wasichana wengine, wote wanafunikwa kuanzia kichwani hadi vifundoni, nyayo tu zikibaki nje, na bwana harusi sharti amtambue wake. Akikosea analipa mbuzi wa faini na anachekwa mpaka uzeeni. Lakini kwa Njoki haikuwa ya kuchekesha. Baba mkubwa, aliyekuwa msemaji wa familia yetu, hakuwahi kumpenda kijana wake, Mureithi. Alimwona mpole kupita kiasi. Alikuwa ameshasema wazi kwamba mwanamume asiyemtambua mkewe arudishwe kwao akafikirie tena. Njoki hakulala vizuri wiki ile nzima, na mimi nililijua hilo.

Mbona sikusema kwamba nina fainali? Niliogopa nikisema nitaambiwa nichague. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, nami nilishika tatu nikajiona nina mikono mingi. Ninyi mna neno lenu. Juzi nimekusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu, "Usijali, ntawapanga tu." Sisi hatukuwa na neno hilo la kumpa kila mtu uongo wake, lakini kazi yenyewe tuliifanya vizuri sana.

Ijumaa jioni nilimkuta Njoki anazisugua raba zangu nyeupe kwa dawa ya meno, mpaka zinang'aa. Nikadhani ni upendo wa dada. Nilimshukuru moyoni, na asubuhi nikazivaa, nikaondoka.

Darasani nilikaa nusu ya somo, nikamwambia mwalimu tumbo linaniuma. Huyoo, uwanjani. Tulishinda seti ya kwanza, tukapoteza ya pili. Kocha mgeni alikuwa amesimama kando ya mstari, mikono nyuma, na mara mbili nilimwona akinitazama. Seti ya tatu ndiyo kwanza imeanza, nikasikia nyimbo kutoka upande wa kwetu. Wageni walikuwa wamefika mlangoni. Wao wanaimba nje wakiomba kufunguliwa, wanawake wetu wanawajibu kwa ndani kwamba hawawajui. Nikamwendea mwalimu wa michezo, nikamwambia tumbo linaniuma. Tumbo langu lilifanya kazi kubwa siku hiyo.

Niliingilia mlango wa nyuma. Shangazi Wangari akanidaka mkono, hakuniuliza hata nimetoka wapi, akanitupia leso mbili kichwani na kunisukuma kwenye mstari. Chini ya leso nilikuwa naona giza na kusikia jasho langu tu. Halafu nikasikia nyayo za mwanamume zinakuja moja kwa moja, hazisiti hata kidogo. Mkono ukanishika. "Ni huyu," akasema Mureithi, kwa sauti ya mtu asiye na shaka.

Leso ikavutwa. Nikatokea mimi, jezi namba saba kifuani, vumbi hadi kwenye nyusi.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mureithi alitazama raba zangu, akanitazama usoni, akazitazama tena raba. Hapo ndipo nilipoelewa. Njoki alikuwa amemwambia kwa siri: tafuta raba nyeupe, wengine wote watavaa ndara. Na yeye hakuwa na raba nyeupe za kuvaa isipokuwa hizo zangu. Asubuhi nzima alizitafuta nyumbani, na hakukuwa na simu za mkononi za kumpata Mureithi. Mwisho wa mstari msichana mmoja akajifunua leso mwenyewe, jambo ambalo halifanywi. Alikuwa Njoki, amevaa ndara, machozi yanamtiririka.

Baba mkubwa akasimama. "Huyu kijana amekuja kuoa nani hapa?" Kicheko kikakatika. Mwanangu, nimeshuhudia mambo mengi maishani, lakini sijawahi kutamani ardhi inimeze kama nilivyotamani dakika ile. Nilijua maneno yatakayofuata, na nilijua ni mimi niliyempa nafasi ya kuyasema.

Shosho wangu, mama mzazi wa baba na wa huyo baba mkubwa, alikuwa ameketi pembeni na bakora yake. Hakuinuka. "Keti, mwanangu," alimwambia, mzee mzima yule, mbele ya wageni. "Kosa limetoka nyumbani kwetu. Mbuzi wa faini tutatoa sisi. Kijana, chagua tena." Baba mkubwa akaketi. Mureithi akaenda mpaka mwisho wa mstari, akaushika mkono wa Njoki na hakuuachilia. Wageni wakashangilia, maana upande wa msichana kulipa faini ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia.

Jioni nikiwa naosha sufuria, Shosho akaja akaketi kwenye kigoda karibu nami. Nilingoja bakora. Akaniuliza tu, "Nani alijua uko uwanjani?"

"Hakuna, Shosho."

"Na mlango, nani huwafungulia wageni?"

"Ninyi akina mama."

"Basi," akasema. "Nyimbo tunazo nyingi. Ungetuambia, tungewaimbisha pale nje mpaka mpira wako uishe. Wangedhani tunawapa heshima kubwa." Akainua sufuria moja niliyoosha, akaitazama ndani, akanirudishia nisugue tena. "Wewe hukukosa muda, mjukuu wangu. Ulikosa mdomo."

Nikaisugua tena ile sufuria.

Jumatatu alinipeleka yeye mwenyewe shuleni, polepole na bakora yake, lakini maneno alinifanya niyaseme mimi. Mwalimu wa hesabu akasema kumbe ningemwambia, angenisomesha jioni na wale wengine wawili wanaosaidia mama zao sokoni. Baba naye nilipomweleza alinuna, kisha akasema nicheze mpaka muhula wa pili uishe, baada ya hapo vitabu peke yake. Sikutegemea. Miezi yote hiyo nilikuwa namkimbia baba wa kichwani mwangu, yule wa nyumbani hata sikuwa nimemuuliza.

Yule kocha wa kampuni sikumwona tena. Timu yetu ilipoteza seti ya tatu, na nililia kwa ajili hiyo, sitakudanganya. Lakini hesabu nilipita, nikaenda chuo cha ualimu, nikacheza huko, na wasichana niliowafundisha kuruka wavuni katika mitaa hii siku hizi wananiita mwalimu hata wakiwa na watoto mgongoni. Sijutii. Na Mureithi unamjua, ndiye yule babu yako wa Kware. Umewahi kujiuliza kwa nini akija hapa huangalia viatu vyangu kabla ya kunisalimu?

Sasa nikuambie kwa nini nimekukalisha. Jana nilipofungua mfuko wa sukuma wiki niliokutuma, chini kabisa nimekuta raba zako za basketboli. Mama yako anajua Jumamosi uko naye kwenye ibada ya shukrani ya mdogo wako. Mwalimu wako anajua uko kwenye masomo ya marudio. Na naona kuna kocha mahali anayejua uko naye. Wote watatu wanakupenda, na hakuna hata mmoja anayejua habari za mwenzake.

Mwanangu, sikukatazi mpira, wala sikuambii vitabu ni kila kitu. Shika vyote unavyoweza kushika. Nakuomba usivishike gizani. Mficha uchi hazai, na asiyesema shida yake hujibebea peke yake mzigo ambao watu wanne wangeubeba wakizungumza. Pengine mama yako atakataa. Utalia, utapona. Pengine atasema ibada ianze mapema. Hutajua ukiwa unampanga. Walio ndani wanaweza kuimba muda wowote unaohitaji, ila lazima wajue wewe uko wapi.

Haya, inuka. Mama yako yuko jikoni anamenya viazi, na mtu anayemenya viazi huwa na masikio. Mungu akupe akili ya kitabu na wepesi wa miguu. Akufungulie milango mwanangu, na ule utakaochelewa kufunguka, akupe watu wa kuimba wakikungoja. Na hizo raba ziache hapa, nitakusugulia kwa dawa ya meno.