Birika la Ndege na Kikombe cha Baba Mdogo

Juzi, Krismasi ikiwa imekaribia, nilikwenda Bomang'ombe kumsalimia mama mdogo. Ni mke wa mdogo wake baba, na siku hizi anaishi kwa mwanawe kwa sababu magoti hayampandishi tena mlimani kwetu Mwika. Nilipoingia nilimkuta mjukuu wake, kijana wa chuo, ametandika gazeti mezani, juu ya gazeti kuna birika, na yeye amechuchumaa analipiga picha kwa simu.

"Shikamoo shangazi," aliniambia, macho yakiwa kwenye simu. "Unajua hiki chombo huko ng'ambo watu wanakikusanya? Mabirika haya yalitengenezwa kwa ajili ya Krismasi tu. Hili ni dili."

"Dili na wewe," mama mdogo alimjibu kutoka kwenye kochi. "Litoe hapo kabla hujalivunja."

Bomang'ombe saa sita mchana ni jua tupu, lakini nilisikia baridi mgongoni. Sikuwa nimeliona birika lile tangu bibi alipozikwa. Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Nikueleze lilivyo. Ni la udongo mweupe, tumbo pana, na pande zote limechorwa ndege wadogo wenye vifua vyekundu na miguu kama njiti za kiberiti, wamekaa kwenye matawi yenye kitu cheupe juu yake. Sisi watoto tulisema ule weupe ni majivu. Bibi alisema ni theluji, ileile tuliyoiona kileleni Kibo asubuhi ukungu ukifunguka. Ndege wenyewe hatukuwahi kuwaona kwenye migomba yetu. Bibi alipewa birika hilo na mzungu mmoja, muuguzi wa misheni, ambaye alimpikia miaka mingi; yule mama alipoondoka kurudi kwao akamwachia birika na kumwambia lisitumike ila Krismasi. Bibi alilishika neno hilo kuliko nilivyoona watu wakishika mambo mengine makubwa. Mwaka mzima lilikaa kabatini, limevishwa soksi ya sufu.

Bibi aliwagawia watoto wake ndege wale. Huyu wa shangazi, huyu wa baba yangu, na kadhalika. Baba mdogo, kitindamimba, alipata ndege aliyechorwa pale mdomo wa birika unapoanzia, ameinamisha kichwa kama anayekunywa. Wenzake walimtania kwamba amepewa mlafi. Nayasema haya kama nilivyoyasikia, maana walipogawiwa mimi sikuwa nimezaliwa.

Krismasi za kwetu zilianza na majani. Wiki nzima sisi wasichana tulishuka chini kukata majani ya ng'ombe, tukapanda nayo kichwani, ili siku yenyewe ng'ombe wasikose na sisi tusikose kanisa. Jikoni moshi ulitembea chini ya paa, ndizi zimemenywa zimelowekwa, mikono yetu imekuwa myeusi kwa utomvu. Watu walifika kutoka Moshi mjini, kutoka Dar, wakiwa na mikate ya kununua na maneno ya mjini. Alfajiri ya siku yenyewe tulisikia tarumbeta za kanisani zikishuka na baridi, na bibi alikuwa ameshavua soksi ya birika. Aliyepewa kulibeba aliambiwa, "Usilishike shingo, lishike tumbo." Ndani yake chai ya maziwa na tangawizi, imekolea mpaka inakuna koo.

Hiyo ndiyo furaha yetu, na sitaki uidharau kwa ajili ya haya mengine.

Baba mdogo alikwenda machimboni huko kusini nikiwa bado sijaanza shule. Alisema atarudi Krismasi. Hakurudi, wala hakuleta habari. Waliotoka huko kila mmoja alisema lake: huyu alimwona, yule hakuwahi kumwona. Nyuma alimwacha mama mdogo, mwanamke kijana, na mtoto mgongoni. Kwa desturi yetu kitindamimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, ile migomba na kahawa zinazoizunguka. Sasa kitindamimba hayupo. Mama mdogo akawa si mke wala si mjane. Hakuna aliyejua amwambie nini, wala yeye aombe nini kwa nani.

Babu mkubwa, kaka yake marehemu babu, alikuwa na jibu. Alitaka ufanyike ule utaratibu wa ukoo wetu kwa mtu aliyepotelea mbali: unakatwa mgomba, unavishwa nguo yake, unazikwa kihambani penye makaburi ya wenzake. Baada ya hapo mke ni mjane, mtoto ni mrithi, na yule aliye huko anatulia. Watu walimsema vibaya kwamba ana haraka ya ardhi. Mimi sikuona hivyo, wala leo sioni. Ardhi ile isingekuwa yake kwa vyovyote. Nadhani alimhurumia mama mdogo, ila alikuwa na sauti ya ukali hata anaposalimia.

Bibi alikataa. Alisema mwanawe yupo. Na kila Krismasi, asubuhi kabla hatujaenda kanisani, alimimina kikombe kimoja cha chai kutoka kwenye birika, akakiweka mezani chumba cha mbele, penye kiti cha baba mdogo. Aliligeuza birika ili ndege yule anayeinama akielekee kikombe. Kisha tulitoka sote, mlango ukafungwa kwa kamba ya mgomba, kama nyumba zote za wakati ule.

Tukirudi, kikombe kilikuwa kitupu.

Sitakudanganya kwamba tulishtuka. Watoto huzoea. Kwetu ilikuwa kama kusikia mfereji ukipita nyuma ya nyumba. Bibi alikichukua, akatazama majani ya chai yaliyotuama chini, akasema, "Aika," ndiyo asante kwa Kichagga, akakiosha mwenyewe. Halafu nyama ikaletwa. Nilipokua kidogo ndipo nilianza kufikiri, na kufikiri kulinitia hofu. Ibada ya Krismasi ni ndefu, na baada ya ibada kuna mnada wa sadaka pale nje ya kanisa: watu wananunua ndizi, kuku, mayai yaliyotolewa, wanapandishiana bei kwa kutaniana. Nyumbani anabaki nani? Alibaki jirani, mzee wa kike aliyelinda sufuria za nyama jikoni, na jiko letu lilikuwa mbali na nyumba. Yule jirani hakunywa chai, alisema inamwumiza tumbo. Paka tulikuwa naye, lakini sijaona paka wa kunywa tangawizi na kuacha kikombe kimesimama wima. Niliwashuku binamu zangu pia, ila wote nilikuwa nawaona kanisani, wanasinzia. Basi nikabaki na mtu mmoja moyoni mwangu, mama mdogo, ambaye mara nyingi wakati wa mnada sikumwona. Sikumwuliza. Utamwulizaje mtu jambo kama hilo? Niliona anafanya wema, nikanyamaza.

Hata hivyo nilipopita chumba cha mbele peke yangu nilikimbia.

Mwaka ule ninaokusudia, nilikuwa darasa la sita. Kulikuwa na ukungu siku nzima, ule unaoshuka mpaka unaona migomba ya karibu tu, na tarumbeta zilisikika kama zimezibwa kwa blanketi. Mnada ulipopamba moto bibi aliniambia nitangulie nyumbani nikachochee moto, kwa sababu jirani alikuwa mgonjwa na hatukuwa na uhakika kama amekuja. Nikapanda mbio. Kamba ilikuwa mlangoni kama tulivyoifunga. Nikaifungua, nikaingia.

Kikombe kilikuwa kimejaa.

Chai imepoa, juu imefanya utando wa maziwa, umekunjamana. Birika limesimama upande wake, na yule ndege ameinama. Nilisimama pale nikisikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba nje. Kitu kilichoniogopesha ni kwamba hapakuwa na chochote. Miaka yote niliogopa chumba kile kana kwamba ndani yake kuna mtu. Siku ile ndiyo kwanza nilijua kwamba hakuna, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Bibi aliingia nikiwa bado nimesimama. Alitazama kikombe. Akavua kitenge cha kanisani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti cha baba mdogo. Akasema nikamwite babu mkubwa.

Babu mkubwa alikuja anatafuna bado. Alipoambiwa akate mgomba, yeye aliyedai jambo hilo miaka yote, ndiye aliyerudi nyuma.

"Leo Krismasi, shemeji," alisema. "Tungoje watu wamalize kula."

"Ndiyo," bibi alimjibu. "Si ndiyo siku aliyosema anarudi?"

Ukakatwa mgomba mchana uleule. Ulivishwa shati lake la shule, kwa sababu nguo nyingine aliondoka nazo. Wanaume wanne waliubeba, na mmoja akanong'ona kwamba ni mzito sana. Mgomba wowote ni mzito, umejaa maji; lakini hakuna aliyemjibu hivyo. Mwinjilisti wetu alikuja bila joho lake, akasimama nje ya ua wa masale, ile mimea ya ukoo inayozunguka makaburi, akaomba kwa sauti ya chini. Wengine walimlaumu kwa kuja, wengine kwa kutokuingia. Mimi naona alikwenda mpaka pale alipoweza. Mama mdogo alinyolewa nywele kama mjane, na hakulia. Ile chai bibi aliimwaga juu ya udongo, polepole, kama anayemnywesha mtoto.

Jioni nilitumwa kuokota maganda ya ndizi, nikapita penye kisiki. Unajua mgomba ukikatwa, moyo wake haukai. Kabla ya jua kuzama unakuwa umeshachomoza katikati, mweupe, umelowa. Kila mtoto wa Mwika amewahi kuuchezea. Siku ile watu walikizunguka kisiki kile kwa mbali bila kusema kwa nini, na mimi nikazunguka pia.

Hakuna habari iliyokuja baadaye. Usidhani nakuficha. Hatukusikia kwamba alikufa siku ile, wala kwamba yuko hai mahali ana familia nyingine. Mama mdogo alipewa kihamba, akakilima, akasomesha mtoto. Bibi hakulitoa tena birika kabatini.

Basi juzi, kijana alipotoka kwenda kununua vocha, tukabaki wawili na birika mezani, nikajikuta nimesema.

"Mama mdogo, siku zote nilidhani ni wewe uliyekuwa unakunywa ile chai."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Na mimi nilidhani ni bibi yako."

Akaniambia kwamba mwaka wa kwanza alimhurumia mkwewe. Wakati wa mnada alichoropoka, akapanda nyumbani, akikusudia kukinywa yeye ili mama wa watu asivunjike moyo. Akakuta kitupu. Alikishika, kikombe kilikuwa kina joto bado. Na alipotoka kanisani alimwacha bibi anagombea mayai na mke wa mchungaji. "Au ni mikono yangu ilikuwa baridi," alisema. "Sijui. Usiniweke kwenye ushahidi." Kila mwaka alipanda hivyo, na kila mwaka alikuta kitupu, akawa anavuta kiti, anakaa kidogo, anafunga kamba, anarudi kanisani.

"Na mwaka ule?"

Alilivuta birika karibu naye.

"Nilikuja kabla yako. Nikakuta kimejaa. Nikakiinua mpaka hapa." Akagusa mdomo wake wa chini. "Chai ya baridi kama maji ya mfereji. Nikakirudisha."

"Ungekunywa, bibi angeendelea kumngoja."

"Ndiyo," alisema mama mdogo. "Na mimi pia."

Kijana akarudi, akauliza kama tumeafikiana kuuza. Mama mdogo akamwambia abandike maji ya chai jikoni.

Nyumba ya bibi ya mbao haipo, imejengwa ya matofali yenye madirisha ya vioo. Kahawa nyingi ziling'olewa. Mnada siku hizi unaendeshwa kwa kipaza sauti, chai iko kwenye chupa, na mtu asipopokea simu mara mbili tunasema labda kabadilisha laini, tunaendelea na shughuli. Sijui kama kungoja kule kulikuwa kuzuri. Kulimla bibi, kulimla mama mdogo ujana wake. Lakini nimejaribu kukumbuka ni nani leo angewekewa kikombe kwa miaka yote ile, na sikupata jina.

Nani alikuwa anakunywa, bado sijui, na nimeandika haya yote bila kukaribia kujua. Ninachokiona ni kingine. Namwona mwanamke mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, peke yake kwenye nyumba iliyojaa ukungu, ameshika kikombe usawa wa kinywa, na hakuna wa kumwambia afanye nini. Sisi wengine wote tulikuwa kanisani, tunacheka, tunapandishiana bei ya mayai.