Magodoro ya Mlimani

Dada yangu ni fundi cherehani wa kambi ya jeshi, na mimi ndiye mpiga pasi wake. Chumba chetu kiko nyuma ya ofisi ya karani. Kina dirisha moja, cherehani mbili za miguu, meza ndefu ya kukatia, na msumari ukutani ambapo dada hutundika futi yake ya kupimia. Akiikosa hapo asubuhi, siku hiyo hakukaliki. Ni mwanamke wa maneno machache, muda wote ana pini midomoni, na ana ugonjwa mmoja ambao nilimwambia zamani kwamba utamponza: hawezi kuona kazi mbovu akapita. Aliwahi kumsimamisha mtu asiyemjua kwenye foleni ya hospitali akamshonea pindo lililofumuka, mwenyewe kaduwaa. Mimi ningempita na pindo lake.

Ana mtoto mmoja tu wa kiume. Tulimwita Redio, maana alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Akila anasema, akioga anasema, hata usingizini anasema. Tena alikuwa na kipaji cha kuiga sauti. Uko jikoni, unamsikia mwenye nyumba anafoka mlangoni, unatoka mbio huku unajifuta mikono, kumbe ni yeye, anacheka mpaka anashika mbavu. Alipoingia jeshini akapangiwa kambi hiyohiyo ya mama yake, nikasema haya, wamepata burudani ya bure.

Na burudani walikuwa wanaihitaji. Chakula kilikuwa cha kubahatisha, buti zimeachama midomo, likizo zimeshasahaulika. Askari walikuja kwetu kushonewa viraka juu ya viraka. Zamani walikuwa wanatutania. Sasa mtu anakaa kwenye benchi kifua wazi, anatazama sakafu, ukimpa shati lake analivaa na kuondoka bila hata kusema asante. Kisha wakaanza kutoroka. Walitoroka zaidi kutoka mlimani, ule mlima unaotazama kambi, ambako kikosi kidogo hukaa kwenye handaki kulinda njia. Mtu anavaa nguo za kiraia, anakunja kombati yake vizuri juu ya godoro lake, anaondoka. Redio alikuwa mmoja wa kikosi hicho. Tulipomuuliza kwa nini yeye haondoki, alisema, "Nikiondoka, watamshika mama." Akasema huku anacheka, kama kawaida yake.

Mkuu wa kambi aliyajua yote hayo. Jenerali hakujua hata moja. Alikuwa anakuja kukagua mara kwa mara, anafikia kwenye nyumba ya wageni yenye baraza pana, na pembeni yake hakosi Msaidizi, mwanamume mtanashati mwenye sauti ya upole. Wimbo wa Msaidizi ulikuwa mmoja: "Mzee ana presha. Mzee asiudhiwe." Ofisa mmoja aliyethubutu kusema askari hawashibi alihamishwa haraka, akapelekwa kulinda ghala la mahema yaliyooza. Tangu hapo, yeyote aliyeulizwa hali alikakamaa na kujibu, "Tuko vizuri, afande!"

Nikupe mfano mmoja tu uone walivyomlea. Jenerali alikuwa ananenepa. Kila akija, Msaidizi anatuletea suruali zake kwa siri, zimefichwa ndani ya mfuko. Dada anazipanua kiunoni kidogo, mimi nazipiga pasi mpaka alama ya mshono wa zamani inapotea. Halafu Mzee anasimama mbele ya gwaride, anajipiga tumbo, anawaambia vijana waliokonda kwa njaa kwamba tangu aingie jeshini kiuno chake hakijabadilika. Nilimsikia kwa masikio yangu. Nilitamani kumrushia pasi ya moto.

Siku moja Mkuu wa kambi akaja chumbani kwetu yeye mwenyewe, akafunga mlango nyuma yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Mama Fundi," akamwambia dada, "Mzee anakuja, na amepata darubini mpya. Anataka akae barazani awaangalie vijana wa mlimani."

"Wamebaki nani huko?" dada akauliza.

"Mwanao."

"Mwanangu na nani?"

"Mwanao," akarudia.

Akaagiza tuletewe magodoro ya waliotoroka pamoja na kombati zao. Dada ajaze sponji ndani ya nguo, zisimame, zionekane watu. Akaapa kwamba Mzee akishaondoka tu, Redio atashushwa na kupewa likizo. Dada akaichukua futi yake ukutani.

Hapo ndipo ule ugonjwa wake ulipomponza. Mtu mwingine angefunga sponji kwa kamba, akaivisha shati, basi. Lakini dada alikuwa amewashonea wale vijana wote, na aliwajua miili. Yule tuliyemwita Bega, bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Dada akalishusha. Koplo alikuwa na tabia ya kuinamisha shingo kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Dada akaiinamisha, akasogea nyuma, akatazama, akaiinamisha zaidi kidogo. Magodoro yenyewe yalikuwa bado na mabonde pale walipolalia. Nilipopitisha pasi juu ya kombati ya Koplo, jasho lake likapanda na mvuke, likajaa chumba kizima, na mwili ukanisisimka kama vile ameingia mlangoni. Niliacha pasi nikatoka nje.

Asubuhi tulipofungua chumba, tuliyakuta yamesimama ukutani, nyuso za kitambaa kisicho na macho zimeelekea mlango. Ulimi ukaniponyoka. "Hamjambo," nikasema. Dada hakucheka, na mimi sikucheka. Kuanzia hapo nilipiga pasi mgongo wangu ukiwa kwenye ukuta wa pili, ili niyaone yote.

Wakayapandisha mlimani kwa lori. Jenerali akaja, akakaa barazani na darubini yake, akafurahi kupita kiasi. "Tazama nidhamu ile!" akasema. "Hawatikisiki!" Alipoondoka, dada akaenda kumuulizia mwanawe. Mkuu wa kambi akasema Mzee kapenda sana, atarudi karibuni, Redio avumilie kidogo. Raia hawaruhusiwi kupanda mlima ule, kwa hiyo tukabaki kumsikia tu.

Na kumsikia tulimsikia. Kila jioni karani huita majina ya kikosi cha mlimani kwa simu ya upepo, na dirisha letu liko jirani na lake. Makao makuu nayo husikiliza, basi ikaamriwa kwamba majina yote yaitikiwe. Redio akawaitikia wote. Koplo kwa sauti yake nzito ya mafua, Bega kwa kigugumizi chake, kila mmoja kwa sauti yake halisi. Siku za mwanzo tulicheka mpaka machozi. Baadaye tukaacha. Sauti zilikuwa zinakuja haraka mno, moja inaingia kabla nyingine haijaisha, hujui anavuta pumzi saa ngapi. Halafu jioni moja karani akafika kwenye jina lake mwenyewe Redio, pakawa kimya. Kisha ikaja sauti ya Koplo.

"Yupo, afande. Amelala."

Karani akaendelea na jina linalofuata. Dada alikuwa ameshika mkasi, akauweka mezani taratibu. "Lazima Mzee aambiwe," akasema. Nikamwambia watamfukuza, watamfunga, watamfanya kitu kibaya. Akasema, "Mimi ndiye niliyewasimamisha wale. Mimi ndiye nitakayewaangusha."

Nafasi ikajileta yenyewe. Jenerali alikuja tena, honi ya gari lake ikalia getini. Akiwa barazani akijinyoosha, kifungo cha suruali kikaruka. Safari hiyo Msaidizi hakuwa na mfuko wa kuficha kitu. Tukaitwa mbio, dada na sindano, mimi na uzi. Akapiga magoti mbele ya Mzee akaanza kushona, uso wake karibu kabisa na lile tumbo, maofisa wote wakijitia kutazama bustani. Akafunga fundo la kwanza, akainua kichwa.

"Afande," akasema, wala hakunong'ona. "Wale wa mlimani ni magodoro. Nimewashona mimi mwenyewe. Mzima ni mmoja tu, ni mwanangu, na akili yake inapotea. Naomba umshushe."

Mkuu wa kambi akawa rangi ya majivu. Kisha Msaidizi akacheka, kicheko kirefu chenye adabu, na wenzake wakadakia, wote wakacheka kwa nguvu, wakipigana mabega, mpaka ungedhani kweli wamesikia kichekesho. Jenerali peke yake hakucheka. Nitampa haki yake: alimtazama dada usoni, akasema, "Nipeni darubini."

Nilifumba macho. Nikasema ndani ya nafsi yangu, ona sasa, ona, ona.

Akatazama muda mrefu. "Mama," akasema mwishowe, "godoro lako linanipigia saluti."

Sote tulijua ni nini, isipokuwa yeye. Redio alishaamriwa kwamba akisikia honi ya Mzee, asimame mbele apige saluti, asishushe mkono mpaka aambiwe. Na yule mtoto ambaye hakuwahi kutii agizo la kunyamaza, hilo alilitii.

"Sasa linajikuna sikio," Jenerali akasema. Hapo naye akacheka, tumbo likatikisika, sindano ikamchoma dada kidoleni. Dada akasema, "Ndiye huyo! Afande, ndiye huyo mmoja! Waangalie wengine!" Lakini darubini ilikuwa imeshashushwa. Jenerali akamwekea mkono begani, kwa upole, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo.

"Na mimi ni mzazi, najua. Kila mama anataka mwanawe ashuke. Lakini usinitungie hadithi, mama." Akamgeukia Mkuu wa kambi. "Vijana wale wasibadilishwe. Wabaki walewale. Nikiwaona, hata presha yangu inatulia."

Dada akamalizia kifungo. Alikishona imara, hajui kushona vingine, akakata uzi kwa meno. Tulipokuwa tunashuka ngazi, Msaidizi akatufuata na kusema kwa ile sauti yake laini, "Mama, unataka kumuua Mzee?" Nilifungua mdomo nimjibu, dada akanifinya mkono, nikafunga.

Mvua zikaja. Zilinyesha mfululizo, ukungu ukaufunika mlima, na simu ya upepo ikawa inakoroma tu. Karani aliendelea kuita majina, akisikia mkoromo anaandika wapo. Mvua ilipopungua, Mkuu wa kambi akatuma lori likayateremshe magodoro yakaushwe kabla Mzee hajarudi. Dereva aliporudi alikuwa na matope mpaka kiunoni. Alishuka, akamvuta dada pembeni.

"Mama Fundi, mwanao hayupo kule. Nimeita mpaka nimepoteza sauti, hakuna aliyejibu. Yalikuwa yamekaa handakini magodoro matupu, nimeyarusha nyuma na turubai juu. Kijana kaondoka. Kama kaondoka, wewe shukuru Mungu."

Dada akaketi palepale sakafuni akacheka. Alicheka na machozi yakimtoka, akinishika magoti. "Kaondoka," akasema. "Mdogo wangu, kaondoka! Acha waje wanishike!" Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria tutamtafutia wapi nguo za kiraia.

Tukaenda kupakua. Sponji zilikuwa zimekunywa maji, nzito kama maiti, tukawa tunazikamata kwapani na kuziburuta, maji yanatutiririkia. Tulitoa yale ya mbele yote, mpaka yakabaki ya mwisho kule ndani chini ya turubai, yamekaa yameegemeana. Godoro la Bega lilikuwa na bega lake lililoshuka. Pembeni kulikuwa na Koplo, shingo imeinama. Na pembeni yake tena kulikuwa na Koplo mwingine, shingo imeinama vilevile.

Dada hakushtuka. Akadhani mvua imeharibu umbo. Akapanda, akaishika ile shingo ya pili aiweke sawa, kama anavyonyoosha kola ya mtu, na nikaona mkono wake ukisimama. Ilikuwa na joto.

"Redio," akasema. "Baba. Ni mimi, mama yako."

Macho yalikuwa wazi. Yalitutazama, yakatupita. Midomo ikafunguka, ikatoka sauti nzito ya mafua, sauti ya mtu aliyekwenda kwao siku nyingi.

"Tuko vizuri, afande."

Tulimbeba wawili, wala hakuwa mzito kuliko magodoro. Tukamlaza juu ya meza ya kukatia, dada akamvua zile nguo mbichi, mimi nikawasha pasi, nikapasha mashuka na kumfunika nayo moja baada ya jingine. Hakutetemeka. Nje watu wa kambi walikuwa wanayaanika magodoro kwenye ua, wameyasimamisha kwa mstari.

Jioni ikafika na karani akafungua dirisha lake. Hakuna aliyemwambia kwamba mlimani sasa hakuna mtu kabisa. Akaanza kuita majina. Na juu ya meza yetu, mtoto wetu, bila kutikisika, akaanza kuitika. Koplo, yupo. Bega, y-y-yupo. Mmoja mmoja, kwa sauti zao, akitazama dari. Likafika jina lake. Akanyamaza.

Dada akasimama, akaenda dirishani, akatoa pini midomoni.

"Hayupo," akasema kwa sauti kubwa.

Tukasikia kalamu ya karani ikisimama. Aligeuza kichwa, akamwona dada, akamwona kijana mezani nyuma yake. Kisha karani akainamia meza yake, akasema "Yupo," akaita jina linalofuata.