Mkaratusi ulioinamia nyumba ya Koko

Mkaratusi ule mkubwa ulikuwa umeanza kuinamia nyumba ya Koko, mama ya baba yangu, na mvua zilikuwa njiani. Nyumba yenyewe ni ya udongo, vyumba viwili, mabati kayapata juzi tu. Huku Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, hiyo ndiyo mali yake yote.

Fundi wa msumeno alikuja na pikipiki kutoka Mbarara. Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi ya Makenke alikokulia. Akauzunguka mti.

"Mama mzee, huku kanisa, huku maharage yako. Imebaki kuangusha kwa kiwanja, mbele ya mlango. Lakini itafika nyumba ama haifiki?"

Koko akasema tupime kama waliofika hapa kwanza, wakati ni pori tupu. Unene waliupima kwa kushikana mikono kuzunguka shina: wakitimia watu watatu, mti huo ulitoa mihimili ya kanisa, wawili, mbao za vitanda. Urefu nao, unaupa mti mgongo, unatembea, unainama na kuchungulia katikati ya miguu yako. Ukifika fasi, mahali unapoona kilele, hapo ndipo kitaangukia.

Magoti ya Koko yanamsumbua, basi nikapima mimi. Nikakaza kitenge, nikawa nainama kila baada ya hatua mbili, fundi kageukia kanisa kwa heshima. Nilipoona kilele nikachomeka kijiti. Hatua kumi kabla ya mlango! Moyo ukatulia. Hapohapo nikaanza kuota mbao: kabati, meza ya cherehani, duka langu Mbarara lenye kioo mbele.

Fundi akawasha msumeno.

"Zima kwanza," Koko akasema. Kisha kwangu: "Inama tena."

Nikainama, nywele zikagusa nyasi.

"Ona huyu. Anajikunja kama nguo ya kupiga pasi. Kipimo ile ni ya mutu mwenye kulima, mugongo yake haishuke hivi. Wewe unaona juu mingi ungali karibu, mujukulu wangu."

"Sasa nani atapima?" fundi akauliza.

"Mimi. Magoti inauma, lakini mugongo ndio inapima."

Nilimshika kiuno. Akakipita kijiti changu, akaendelea. Alipokiona kilele, vidole vya miguu yake vilikuwa vimegusa kizingiti cha mlango.

Koko aliyatazama maharage, yalikuwa yametoa maua.

"Angusha huko," akasema.

Fundi akafunga kamba juu, majirani wakavuta. Mti ulilala shambani, ardhi ikanitikisa mpaka tumboni. Nikahesabu hatua kutoka kisiki hadi kilele, halafu kutoka kisiki hadi mlango. Za mti zilizidi kwa moja tu. Nikakaa juu ya gogo, nikacheka huku machozi yananitoka.

"Shuka, uchume majani ya maharage kabla hayajanyauka," Koko akasema.

Tuliyala siku tatu, chini ya mabati yake.