Ngazi ya Thelathini na Tisa

Jumatatu nilikuwa soko la Konyo Konyo, hapa Juba, nikichagua bamia, simu ikaita kwa ujumbe. Ulitoka kwa dada, binti wa mama mkubwa, aliyebaki Eldoret: "Ule mchezo wetu wa mtandaoni wanaufunga Jumamosi. Unakumbuka nenosiri?" Nililikumbuka kabla ya kukumbuka nilikuja kununua nini. Nikaduwaa pale, na muuza bamia akaitumia nafasi hiyo kunifungashia zile ngumu zilizokomaa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja tuliporudi Juba. Nasema "tuliporudi" kama wasemavyo wote, ingawa nilizaliwa Kenya na Juba sikuwa nimewahi kuiona. Mama alipata nyumba mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto. Dada alibaki ili amalize shule. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja tangu nipate akili, na sasa nilikuwa na kitanda kizima peke yangu. Nilichukia joto, nilichukia vumbi, nilichukia Kiarabu cha Juba ambacho watoto wa jirani walikicheka kila nilipokijaribu.

Nyuma ya soko palikuwa na chumba cha mabati chenye kompyuta sita, cha mama mmoja Mganda. Mbele alikaanga rolex, ile chapati inayoviringishiwa mayai, na nyuma alikodisha intaneti. Mpaka leo nikinusa mayai na vitunguu kwenye mafuta, nasikia jenereta ikinguruma. Mama aliniruhusu saa moja kila Jumamosi, nikishajaza madumu kwenye tanka la maji na kuchambua janjaro, maharage yetu ya kila siku. Mwenye chumba alijifanya mkali. "Wewe iko na saa moja tu," alikuwa akiniambia. "Lakini jenereta ikizima, mimi itaongeza wewe." Basi unaweza kukisia nilichokuwa nikiomba kanisani.

Katika ule mchezo, mimi na dada tulikuwa wapishi wa kijiji kimoja. Wengine walichagua upanga, sisi tukachagua sufuria. Ulipika supu ya samaki, ukaipika tena na tena, na ustadi wako ukapanda ngazi kwa ngazi. Mama alinicheka sana, maana asida yangu ya nyumbani, ule ugali wetu, ilikuwa mabonge matupu. Chakula cha kompyuta kinamshibisha nani, alikuwa akiniuliza.

Ila palikuwa na shida moja. Ukifika ngazi ya arobaini, mchezo wenyewe ulikuvusha daraja na kukupeleka mji mkuu, na kijijini huwezi kurudi tena. Dada alikuwa na intaneti kila siku baada ya shule. Mimi nilikuwa na saa yangu moja. Niliogopa kwelikweli kwamba Jumamosi moja ningefungua nikute ameshavuka. Nilikuwa nimeachana naye mara moja kwenye kituo cha basi, na sikuwa tayari kwa mara ya pili.

Kando ya kila ustadi palikuwa na alama ndogo ya kufuli. Ukiibonyeza, ustadi huo unasimama pale pale, hata upike mpaka moshi ukutoe machozi. Wachezaji wengi waliliona kufuli hilo upuuzi, nani anataka kujizuia asikue? Na ngazi ya mwenzako hukuiona mpaka umuulize. Kila Jumamosi nilimuuliza dada, naye akaandika, "Bado sana, niko thelathini na mbili hivi." Nikamshukuru Mungu kwa uvivu wake.

Likizo ilipofika, mama alilegeza kamba, nikawa naenda siku tatu kwa wiki. Nikapanda haraka hadi thelathini na tisa, na dada, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa bado thelathini na tatu. Kwetu mdogo hanawi mikono kabla ya mkubwa wala haolewi kabla yake, na mama alinifundisha hayo tangu sijaanza shule. Nikabonyeza kufuli. Dada aliponiuliza nimefika wapi, nikamwandikia thelathini na moja, asije akaona aibu.

Tukakaa hivyo karibu mwaka mzima, kila mmoja akimpa mwenzake pole. Pale kwenye jiko la kijiji ndipo nilipomsimulia kwamba Kiarabu kimeanza kunikubali, kwamba nimepata rafiki, kwamba Juba si mbaya kiasi hicho. Kisha Jumamosi moja nikakuta chumba kitupu. Jirani akasema yule mama amepakia kompyuta kwenye lori na kurudi kwao Arua. "Khalas," akasema, yamekwisha. Nililia njia nzima mpaka nyumbani.

Siku hizi chumba kile ni ghala la mitumba. Yule mama sijui yuko wapi, na sikuwahi kumwambia asante kwa zile dakika alizoniongezea. Ningetoa chochote sasa nipate kumwambia.

Jumamosi alasiri nilikaa barazani kwangu, mtaa wa Jebel, mchezo kwenye simu moja na dada kwenye nyingine. Kijiji hakikuwa na mtu. Sisi wawili tulikuwa tumesimama pale pale jikoni.

"Sema kweli, uko ngazi gani?" akaniuliza.

"Thelathini na tisa. Nilifunga. Nilikuwa nakungoja."



"Mimi nilifunga thelathini na tisa wewe hujafika hata ishirini," akasema. "Sikutaka uje unikose."

Tulicheka, kisha mmoja wetu akaanza kulia, na sisemi ni nani. Tukafungua makufuli. Nikamwambia atangulie, yeye ndiye mkubwa, akakataa, ikabidi tuhesabu mpaka tatu na kutia samaki kwa pamoja. Daraja likatuvusha.

Mji mkuu ulikuwa na barabara pana na maduka yaliyofungwa, na kusema kweli kijiji chetu kilikuwa kizuri zaidi. Dada akataka twende tukaone ikulu. Nikamwambia tuwashe moto hapa hapa. Tulibandika supu moja, na mchezo ulipozimwa ilikuwa bado haijaiva.